Tovuti haionekani nje ya nchi: kutafuta chanzo kati ya kikoa, seva na ukurasa wenyewe

Wafanyabiashara wa Dodoma na Singida wanaowinda wanunuzi wa nje wanaongezeka. Kuna mvinyo wa zabibu za Hombolo na Mpunguzi, asali ya Manyoni, mafuta na mashudu ya alizeti, ufuta, na safari za kwenda kuona michoro ya miambani kule Kolo. Tovuti inatengenezwa, miezi inapita, barua pepe kutoka nje haziingii. Lawama huwa zinaangukia palepale: "Tatizo ni hiyo .co.tz," au "Tatizo seva ipo Dar." Mwenye biashara ananunua .com, au anahamishia tovuti Ujerumani, analipa, anasubiri, na hali inabaki ileile.

Inaniuma kuona hela ya mkulima inaishia huko, kwa sababu mara nyingi ingetosha kukaa saa moja mbele ya kompyuta na kupima. Mkia wa kikoa, yaani mwisho wa jina la tovuti kama .co.tz au .com, unaiambia Google tovuti hii ni ya nchi gani. Seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inaamua ukurasa unafika kwa kasi gani, na kama unafika kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti, kila moja likiharibika lina dalili zake, na yapo matatizo mengi ambayo si la kwanza wala la pili.

Kwanza: je, kweli haionekani?

"Kaka, nikitafuta mimi hapa Area C inakuja ya kwanza. Mdogo wangu yupo Hamburg, anatafuta haioni hata ukurasa wa tatu."

Matokeo unayoyaona kwenye simu yako hayapimi chochote. Google inajua upo Dodoma, na inajua tovuti hiyo umeifungua mara nyingi. Zamani watu walikwepa hilo kwa kufungua google.de au google.co.uk wakiwa hapahapa. Njia hiyo ilikufa Oktoba 2017, Google ilipoanza kupanga matokeo kwa kufuata mahali alipo mtafutaji badala ya anwani aliyoifungua. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba anwani zake za nchi, google.co.tz ikiwemo, zitaelekezwa zote kwenye google.com. Kwa hiyo anayekuonyesha google.co.uk akiwa Nkuhungu na kusema "unaona, Uingereza haupo" hajakuonyesha Uingereza.

Ukitaka kuchungulia kwa haraka, ongeza `&gl=de&hl=de` mwishoni mwa anwani ya matokeo; utaona kwa makadirio kile anachokiona mtu wa Ujerumani. Lakini kipimo cha kutegemewa ni Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, ambacho ni cha bure. Fungua ripoti ya utendaji, chukua miezi mitatu, panga kwa nchi. Kisha chuja uondoe maneno yenye jina la biashara yako, maana anayeandika jina lako alishakujua kabla ya kutafuta. Kinachobaki ndicho cha kusoma.

Ikiwa nchi unayoilenga haina maonyesho (mara ambazo tovuti yako ilitokea kwenye matokeo) hata kidogo, shuku kwamba kurasa zako hazimo kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi, au hakuna ukurasa wenye maneno wanayoyatafuta wale watu. Ikiwa maonyesho yapo lakini nafasi yako ni ya 40 au 60, hapo ndipo suala la kikoa linaanza kuwa na maana, pamoja na ushindani wa kawaida. Nafasi ikiwa nzuri na hakuna anayebofya, angalia kichwa cha ukurasa na lugha yake. Wanabofya kisha wanaondoka palepale? Angalia kasi, bei, na kama ukurasa unajibu swali lao.

Usiendelee mbele kabla hujajua upo kwenye hali ipi kati ya hizo.

Dalili: maonyesho karibu yote yanatoka Tanzania

Hapa kikoa kinahusika kweli. Mikia ya nchi kama .tz, .ke, .de na .uk, Google inaichukua kuwa ishara nzito kwamba tovuti imekusudiwa watu wa nchi hiyo. Mikia ya jumla kama .com, .org na .net haisemi nchi yoyote, kwa hiyo Google inatafuta ishara nyingine. Zamani Search Console ilikuwa na sehemu ya kuchagua nchi unayoilenga kwa kikoa cha jumla; iliondolewa Septemba 2022. Hata ilipokuwepo, mwenye .co.tz hakuweza kuitumia kulenga Ujerumani. Kwa hiyo ukiambiwa kuna mahali pa kubofya ili .co.tz igeuke kuwa ya Ulaya, hapapo.

Watu wengi wanaishia hapo na kukimbilia .com, wakati swali la muhimu bado halijaulizwa: mnunuzi wako anaandika nini anapotafuta?

Chukua mwongoza watalii wa Kondoa. Mfaransa aliyepo Lyon akitaka kuiona michoro ya Kolo, ambayo iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ataandika Kondoa, au Kolo, au Tanzania. Anaitafuta nchi hii kwa jina lake. Kikoa cha .co.tz hakimdhuru mwongoza watalii huyo. Mbele ya macho ya mteja kinamsaidia, maana kinaonyesha anazungumza na mtu aliyepo eneo lenyewe na si dalali. Huyo ningemshauri abaki na .co.tz yake, aweke nguvu kwenye kurasa.

Sasa mchukue muuza asali wa Manyoni anayetaka kuuza kwa mapipa. Mnunuzi wa Hamburg haandiki Manyoni. Anaandika, kwa Kijerumani, asali ya nyuki wa msituni kwa bei ya jumla. Nchi inayotoka hajali sana, anajali ubora, cheti na kiasi. Katika utafutaji huo tovuti za .de zinatangulia kwa ishara ya nchi, na tovuti ya .co.tz inaingia ikiwa na alama inayosema "mimi ni wa Watanzania". Huyu akiniuliza kama aende .com, nitamwambia ndiyo, lakini asome sehemu inayofuata kabla ya kulipa.

Fanya hivi: andika kwenye karatasi maneno kumi ambayo mnunuzi wako wa nje angeyatafuta, kwa lugha yake. Hesabu mangapi yana Tanzania, Dodoma, Singida au jina la mahali petu popote. Yakiwa mengi, tatizo lako haliko kwenye mkia wa jina.

Ipo pia mikia inayowachanganya watu. Baadhi ya mikia ya nchi Google inaihesabu kuwa ya jumla, kwa sababu dunia nzima inaitumia bila kujali nchi husika: .co ya Kolombia, .tv ya Tuvalu, .me ya Montenegro, .io, .ai ya Anguilla na mingine. Lakini .me.tz na .tv.tz hazimo humo. Mwisho wake ni .tz, hivyo ni za Tanzania moja kwa moja. Mwenye chaneli ya video anayesajili jina la .tv.tz akidhani amepata kikoa cha kimataifa amesajili cha hapa nyumbani. Na .africa, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, ni mkia wa jumla: haikupi upendeleo wa bara zima, wala haikunyimi kitu. Vivyo hivyo mikia mipya yenye maneno ya biashara ndani yake. Neno la mvinyo au la utalii kuwa kwenye mkia wa kikoa halikupandishi hata hatua moja. Wanaoiuza kwa bei kubwa kwa ahadi hiyo wanauza ahadi tupu.

Dalili: umenunua .com na hakuna kilichobadilika, au umeshuka

"Dada, nimeweka dot com juu ya ile ya zamani. Sasa zote mbili hazionekani."

Sababu ya kawaida: tovuti ileile inafunguka kwenye vikoa viwili. Google inaona kurasa pacha, inachagua moja ya kuionyesha, na mara nyingi inachagua ile ya zamani kwa sababu ndiyo yenye linki. Linki zote ambazo watu walikuwekea kwa miaka zinaelekea .co.tz, na .com ni jina jipya lisilojulikana na mtu.

Tiba ni kuamua moja. Ukiamua kuhamia .com, kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye mwenzake mpya kwa maelekezo ya kudumu, yaani namba 301: ukurasa wa asali uende kwenye ukurasa wa asali, wa mawasiliano kwenye wa mawasiliano. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo ni kutupa kazi ya miaka, na naiona sana hapa mjini kwa sababu ndiyo njia fupi kwa fundi. Kisha tumia chombo cha kubadili anwani ndani ya Search Console. Google inashauri maelekezo hayo yaachwe yakifanya kazi kwa muda mrefu, angalau mwaka mmoja. Maana yake, ada ya .co.tz uendelee kuilipa baada ya kuhama. Ukiiacha iishe, maelekezo yanakufa pamoja nayo, na mtu mwingine anaweza kulisajili jina ambalo wateja wako bado wanalikumbuka.

Jipe subira. Baada ya kuhama, nafasi hutikisika kwa wiki kadhaa hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa. Kurudisha mambo nyuma katikati ya safari kunaongeza mkanganyiko.

Unaweza pia kubaki na vyote viwili kwa makusudi: .co.tz kwa Kiswahili na wateja wa ndani, .com kwa lugha nyingine. Inafanya kazi, ila inakuwa tovuti mbili za kulisha. Kwa biashara yenye mtu mmoja au wawili wa kuandika, naona ni mzigo. Kikoa kimoja cha .com chenye matawi ndani yake (`/sw/`, `/en/`, `/de/`) kinakusanya linki zote mahali pamoja. Kununua .de, .fr na .co.uk kwa pamoja nawaachia wenye ofisi na wafanyakazi katika nchi hizo. Kila kikoa kinaanza sifuri, na mingine ina masharti ya ukaazi: .eu, kwa mfano, ni ya raia na wakaazi wa Umoja wa Ulaya, na Waingereza wengi waliokuwa nazo walizipoteza baada ya nchi yao kujitoa. Halafu .eu yenyewe Google inaihesabu kuwa ya jumla.

Dalili: Mjerumani analetewa ukurasa wa Kiswahili

Hapa kikoa na seva viache kabisa. Tatizo liko kwenye lebo za `hreflang`, zile zinazoiambia Google kwamba ukurasa huu una wenzake wa lugha nyingine.

Makosa ninayoyakuta yanajirudia. La kwanza ni misimbo. Sehemu ya mwanzo ni lugha, ya pili ni nchi. Kiswahili ni `sw`, na Kiswahili cha Tanzania ni `sw-TZ`. Wengi wanaandika `tz` peke yake, na hiyo si lugha. Wengine wanaandika `en-UK`. Msimbo wa Uingereza ni `GB`, kwa hiyo sahihi ni `en-GB`. Lebo yenye msimbo usiokuwepo inapuuzwa kimyakimya, hakuna onyo litakalokujia kwenye barua pepe.

La pili ni kutojibizana. Ukurasa wa Kiswahili ukimtaja wa Kijerumani, wa Kijerumani nao lazima umtaje wa Kiswahili, na kila mmoja ajitaje mwenyewe. Upande mmoja ukinyamaza, Google haiutegemei uhusiano huo. Ongeza na `x-default` kwa msomaji ambaye lugha yake huna.

La tatu linagongana na lebo ya `canonical`, ile inayotaja ukurasa upi ni rasmi kati ya zinazofanana. Fundi ameweka kurasa zote za lugha zielekeze `canonical` kwenye ukurasa wa Kiingereza. Hapo umeiambia Google kwamba Kijerumani ni nakala tu, isikihesabu. Kila lugha iwe na `canonical` inayojielekeza yenyewe.

La nne halimo kwenye lebo. Google inatambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yenyewe, haiangalii lebo uliyoiweka. Ukurasa wenye menyu ya Kiingereza, kichwa cha Kijerumani na maelezo ya Kiswahili hautambuliki vizuri kwa lugha yoyote. Afadhali kurasa tatu za Kijerumani zilizokamilika kuliko ishirini nusunusu. Na kama unataka kuonekana kwenye Bing pia, weka lebo ya lugha ya maudhui, `content-language`, kwa sababu Bing inaisikiliza hiyo zaidi kuliko `hreflang`.

Dalili: seva imehamishiwa Ulaya na nafasi haikupanda

Isingepanda. Google yenyewe imeeleza kwamba mahali ilipo seva ni ishara isiyotosha kuamua jambo, kwa kuwa tovuti nyingi zinapita kwenye mitandao ya usambazaji inayoweka nakala zake nchi nyingi, CDN, au zinawekwa nchi yenye miundombinu bora kuliko nchi ya wateja. Tovuti ya .com yenye `hreflang` nzuri haihitaji kukaa Frankfurt ili Mjerumani aione.

Umbali unabaki kwenye kasi tu. Tufanye hesabu kidogo. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 70. Nyaya zenyewe zinazunguka baharini, kwa hiyo uhalisia ni zaidi ya hapo. Kabla kivinjari hakijapokea herufi ya kwanza ya ukurasa, kuna mizunguko kama mitatu: kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji, kuomba ukurasa. Hiyo ni zaidi ya milisekunde 200 kwa umbali peke yake.

Weka namba hiyo pembeni ya vipimo vya Google. Kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5. Majibu ya seva yaanze kufika ndani ya sekunde 0.8. Umbali unakula robo ya muda huo wa seva, na hilo si dogo, lakini ukipima tovuti nyingi za hapa unakuta seva yenyewe inatafakari sekunde tatu kabla ya kujibu, kwa sababu imejazwa programu jalizi (plugin) na imewekwa kwenye hostingi ya pamoja ya bei ya chini kabisa. Kisha inafuata picha ya shamba la zabibu yenye megabaiti 5, imepakiwa ilivyotoka kwenye kamera. Kuhamia Frankfurt hakupunguzi uzito wa picha hiyo.

Namna ya kuwatenganisha watuhumiwa: fungua PageSpeed Insights uangalie takwimu za watumiaji halisi kama zipo, kisha tumia WebPageTest ukichagua kituo cha kupimia kilichopo nchi unayoilenga. Tazama muda hadi baiti ya kwanza. Ukiwa mkubwa ukipimia Ulaya na mdogo ukipimia karibu na seva, chanzo ni umbali, na CDN itakutibu bila kuhamisha chochote. Ukiwa mkubwa kote kuwili, chanzo ni seva au programu: washa kashe (nakala ya ukurasa iliyokwisha kuandaliwa), punguza programu jalizi, badilisha mpango wa hostingi. Ukiwa mdogo na ukurasa bado unachelewa, ni picha na maandiko ya programu yanayopakiwa.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa hostingi za nje hawalisemi. Wateja wako wakiwa nusu Tanzania, seva ikiwa Ulaya, umewahamishia wa nyumbani ule umbali. Na kuna siku kama ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo tovuti iliyopo Ulaya inawapotea watu wa Dodoma, na iliyopo Dar inawapotea watu wa nje. CDN yenye nakala pande zote inapunguza maumivu hayo. Kuchagua nchi moja hakuyapunguzi. Kama unakusanya taarifa za wateja, kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Hilo halihusu nafasi kwenye Google, ila linahusu uchaguzi wa seva.

Dalili: tovuti inafunguka vizuri hapa, lakini imetoweka kwenye matokeo

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote, maana mwenye tovuti anaifungua kila asubuhi na kuiona nzima. Hapa seva ina hatia kweli, ingawa mahali ilipo hakuhusiki.

Googlebot, roboti ya Google inayopita kusoma kurasa, kwa sehemu kubwa inakuja kutoka anwani za IP za Marekani. Sasa fikiria msimamizi wa seva amechoshwa na mashambulizi, akafunga trafiki yote ya nje ya Afrika. Wewe ukiwa Majengo unaingia bila shida. Mteja wa Dubai anapata ukurasa mweupe. Google nayo inagonga mlango siku baada ya siku, haifunguliwi, na mwishowe inaziondoa kurasa zako kwenye faharasa. Hakuna kikoa wala `hreflang` itakayosaidia hapo.

Toleo lake la upole ni kumwelekeza mgeni kwa nguvu kulingana na nchi yake: IP ya Tanzania inapelekwa Kiswahili, nyingine zote Kiingereza. Googlebot ikija kutoka Marekani inaona Kiingereza peke yake. Kurasa zako za Kiswahili, ulizoziandika kwa jasho, Google haijawahi kuzisoma. Kuelekeza kwa lugha ya kivinjari kuna shida hiyohiyo, kwa sababu Googlebot haitumi kichwa cha `Accept-Language`. Acha kuwalazimisha watu. Weka utepe juu ya ukurasa unaopendekeza lugha nyingine, na linki za kawaida ambazo roboti inaweza kuzifuata.

Namna ya kuthibitisha: kwenye Search Console, bandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi wa URL, kisha ufanye jaribio la moja kwa moja. Itakuonyesha ukurasa kama Googlebot ilivyouona. Ikisema imezuiwa au seva haikujibu, nenda kwenye ripoti ya takwimu za utambazaji iliyopo kwenye mipangilio, uangalie hali ya mwenyeji: DNS (mfumo unaogeuza jina la kikoa kuwa anwani ya seva), robots.txt (faili linaloziambia roboti zisome nini), na muunganisho wa seva, kila kimoja kina grafu yake. Chukua picha ya skrini uitume kwa kampuni ya hostingi. Usiwaambie "Google haituoni"; waambie "Googlebot inazuiwa, tarehe hii, saa hii". Watakachofungua ni kwa roboti halisi, wakiithibitisha kwa kuangalia kwamba IP yake inarudisha jina linaloishia na googlebot.com, kwa kuwa walaghai wengi wanajiita Googlebot.

Angalia DNS kwa jicho la pekee. Seva za majina zote mbili zikiwa kwenye mashine moja, mashine hiyo ikizima, kikoa kizima kinapotea, barua pepe zikiwemo. Na ukihitaji kuzima tovuti kwa matengenezo, seva ijibu kwa namba 503, inayomaanisha "rudi baadaye". Ukurasa wa "tovuti ipo matengenezoni" unaojibu kwa namba 200 unaiambia Google kwamba hayo ndiyo maudhui yako mapya.

Dalili: kikoa cha bure kimekufa

Kuna vijana walioanza na .tk, .ml au .ga kwa sababu zilitolewa bure na Freenom. Kampuni hiyo iliacha kusajili vikoa vipya mwaka 2023, na mwaka huohuo Gabon ikaichukua .ga yake. Waliopoteza majina hawana cha kuelekeza. Anza upya kwa kikoa unacholipia, na kisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, si la fundi. Kwa .tz, tumia msajili aliyeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Dalili: Uchina hakuna kitu

Wauza ufuta wanaliuliza sana hili. Google haifanyi kazi ya kawaida Uchina bara, hivyo yote ya juu hayahusiki. Injini ya huko ni Baidu, inataka kurasa za Kichina, na kuweka tovuti kwenye seva za Uchina bara kunahitaji usajili wa ICP kutoka kwa mamlaka za kule. Kwa mfanyabiashara mdogo, ningetumia nguvu hiyo kwenye maonyesho ya biashara na mawakala.

Dalili: kila kitu ni sahihi, bado nafasi ni ya 50

Kikoa cha jumla, lebo zinajibizana, seva inajibu haraka, Googlebot inaingia. Basi kilichobaki ni kwamba hakuna mtu wa nchi ile aliyewahi kukutaja, na ukurasa wako hausemi anachohitaji kukijua.

Google inapokosa ishara ya nchi kwenye kikoa, inaangalia lugha, sarafu, anwani na simu, na linki zinazotoka tovuti za nchi hiyo. Muuza asali tuliyemtaja aongeze ukurasa mmoja wa Kijerumani unaoeleza kiwango cha unyevu wa asali, ukubwa wa ndoo na mapipa, kiasi cha chini cha kuagiza, bei kwa euro kwa masharti ya FOB Dar es Salaam (gharama za muuzaji zinaishia mzigo ukishapakiwa melini), vyeti alivyonavyo na msimu wa mavuno. Ukurasa unaosema "asali safi ya asili, piga simu kwa bei" hauna neno hata moja ambalo mnunuzi wa jumla angeliandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Linki zianzie kwa wanaokujua tayari. Mwagizaji aliyewahi kununua kontena moja akikutaja kwenye tovuti yake ya .de, amekupa ishara ambayo seva ya Frankfurt isingekupa. Mtalii aliyeandika safari yake ya Kolo, muombe aunganishe jina lako na ukurasa husika. Mtengeneza mvinyo aliyeshiriki maonyesho nje ahakikishe orodha ya washiriki mtandaoni ina anwani yake sahihi, ile mpya na si ya kabla ya kuhama.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika tarehe uliyobadilisha, na usisome ripoti ya nchi kabla Google haijapita tena kwenye kurasa ulizozigusa. Ukaguzi wa URL utakuonyesha ilipita lini mara ya mwisho.